Jogoo wa Daktari Aroni

Basi la Madibira lilikuwa halijashika hata mwendo, Mzee Nkuba akamwambia mama aliyekaa naye kwamba jogoo aliyempakata ni wa Daktari Aroni, mbunge wao anayegombea tena. Daktari ndiye aliyempasua mzee ngiri akapona, na jogoo ndiyo ahsante yenyewe.

"Basi na kura yako keshaipata," akasema yule mama, Benedicta, muuza mbao wa Mafinga.

"Thubutu! Kura nampa mpinzani wake. Daktari kama yule unampeleka Dodoma akagonge meza? Ashindwe, arudi hospitali atupasue."

Siti ya nyuma, Yunisi alijifanya amesinzia. Begi lake lilijaa kofia za kampeni zenye picha ya daktari, anacheka meno yote nje.

"Mimi yangu nampa," Benedicta akajibu. "Huyohuyo daktari wako alimsahaulia shemeji yangu shashi tumboni. Akae hukohuko bungeni, hawampi kisu."

"Uongo! Mkono ule haujawahi kusahau kitu."

"Mbona umeisahau barabara hii inayoturusha?"

"Barabara si ngiri, mama!"

Jogoo naye akawika, utadhani kapewa nafasi ya kuchangia hoja. Yunisi akang'ata kitenge asicheke.

Konda akagonga bodi: Mafinga. Wawili wale wakashuka bado wanabishana. Yunisi akabaki mlangoni na begi lake, hajui kofia amvishe nani: anayempenda daktari, au atakayempigia kura.