Saa Iliyobaki Lindoni

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya. Baba Paroko uliyetuazima ukumbi huu, na Mchungaji uliyetuletea viti vilivyopungua. Ndugu Mwenyekiti unayepumzika na Ndugu Mwenyekiti unayeanza. Wazee wetu mliopigana vita vya Kagera, wajane wa wale waliotutangulia, wageni mliotoka Bukoba kwa basi la asubuhi na ninyi wenyeji wa Kagoma: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Jina langu ni Alistidia Kahigi. Nimekuwa mwandishi wa habari katika mkoa huu kwa miaka thelathini na mmoja, na katika muda huo nimehudhuria hafla nyingi za kuaga watu, zaidi kwa kukaa nyuma na daftari. Nikikaa nyuma husikia sifa ambazo mwenye kusifiwa mwenyewe hazitambui. Kwa hiyo wazee waliponiomba niseme neno katika kumuaga Mzee Gozbert Karugendo, niliwapa sharti moja: nitasema yale tu niliyoyaona au niliyoyahakiki. Mzee Karugendo alijibu kwamba basi hotuba itakuwa fupi. Tutaona.

Wageni wetu huenda hamjui umoja huu hufanya nini. Ulianza mwaka 2009 ukiwa na wanachama arobaini na mmoja. Leo walio hai ni kumi na saba. Hawana bendi wala sare, na wakikutana hawapigiani saluti. Wana desturi moja, nayo aliileta Mzee Karugendo katika kikao cha kwanza. Mwenzao akiugua, mmoja wao hufika mlangoni kwake na panga lake mwenyewe na kusema, "Nimekuja kupokea lindo." Mgonjwa hujibu, "Lindo liko salama." Baada ya hapo mgeni huingia katika kibanja, akakata majani makavu ya migomba, akapunguza machipukizi, akatandaza nyasi, akaondoka. Hashukuriwi, wala hapikiwi.

Kwa nini hashukuriwi? Niliwauliza. Wakaniambia kwamba askari anayempokea mwenzake lindo hampi zawadi. Anampa ruhusa ya kwenda kulala. Mwaka ule Mzee Saburi alipoumwa mgongo, alishindwa kuvumilia, akafungua dirisha na kuwaambia kwamba wanakata mgomba usio wenyewe. Wakamjibu bila kugeuka kwamba aliyekwisha kupokelewa lindo hana amri tena. Mzee Saburi yupo pale mstari wa pili, na bado anasema ule mgomba haukuwa wenyewe.

Nilichokuja kueleza leo ni mahali ilikotoka desturi hiyo. Wahusika wawili wameniruhusu. Mmoja aliniruhusu kwa sharti kwamba nisimpambe, na mwingine kwa sharti kwamba nisimwonee huruma.

Mwezi wa pili mwaka 2023 nilikuwa natayarisha kipindi cha redio kuhusu wapiganaji wa zamani, nikamrekodi Mzee Karugendo nyumbani kwake. Alizungumza kwa muda wa saa mbili, kwa utulivu. Mwishoni, nilipokuwa nakunja waya, akasema kuna jambo hajawahi kulisema. Mwezi wa kumi na moja mwaka 1978, akiwa koplo, alimweka kijana mmoja wa mgambo lindoni kwenye ukingo wa mto Kagera, upande wetu. Ilikuwa saa sita mchana. Kijana hakuwa na saa, hivyo koplo alivua yake ya mkononi akampa, akamwambia, "Ikifika kumi na mbili jioni, nitakuwa hapa kukupokea."

Saa tisa ikaja amri ya kupakia masanduku ya risasi, na yeye akapandishwa kwenye lori pamoja na masanduku. Alimwachia mwenzake ujumbe. Mwenzake naye akahamishwa kabla ya jioni. Koplo aliporudi, siku ya tatu ilikuwa imefika mchana, na pale lindoni alikuta nyasi zilizolaliwa, pamoja na mbawa za senene. Akaamini kwamba kijana amekufa, na kwamba aliyemuua ni yeye.

Miaka mitatu baadaye, katika soko la Muleba, alimwona yule kijana akiuza ndizi. Akafanya nini? Aligeuza uso akapita. Nilimuuliza sababu. Akasema, "Ningemwambia nini? Samahani nimechelewa?"

Mzee Karugendo hakumtaja kijana huyo kwa jina, nami sikumuuliza. Lilikuwa kosa la kikazi, nalikiri.

Mwezi wa sita, kwa ajili ya kipindi kile kile, nilikwenda Hamugembe, pale Bukoba mjini, kwa Bi Elieth, ambaye baba yake, Mzee Dastan Rugaibula wa hapa Kagoma, alikuwa amevunjika nyonga mwezi wa tatu na alikuwa akiuguzwa kwake. Nilimkuta mzee huyo kitini, miguu juu ya kigoda, mwenye maneno mengi kuliko afya. Alikuwa na malalamiko. Mkewe alikwisha kufariki, kibanja kimebaki peke yake, na jirani yake, Bi Consolata, alikuwa amempigia simu kumweleza kwamba kuna mtu anaingia humo kila Jumamosi.

"Mwizi gani huyu, waitu?" akaniuliza. "Ndizi anaziacha, anaiba magugu."

Kuhusu vita alisema machache. Alisema yeye si mpiganaji wa kuhojiwa, kwa sababu aliacha lindo. Aliwekwa na koplo mmoja kandokando ya mto, akakaa siku mbili akila senene mabichi, na asubuhi ya siku ya tatu, akitetemeka kwa homa, akaondoka bila kupokelewa. Kikosi kingine kilimwokota njiani. Hakuna aliyemshtaki, ila baada ya vita alikutana na koplo wake sokoni Muleba, na koplo akageuza uso.

"Alifanya haki," akasema. "Mtu aliyekimbia lindo haamkiwi."

Ndiyo sababu hakuwahi kujiunga na umoja huu. Mwenyekiti wake alikuwa yule yule koplo.

Kisha akanyoosha mkono na kunionyesha saa. Kila asubuhi, tangu mwaka 1978, alikuwa akiitia ufunguo. Mara mbili aliipeleka kwa fundi pale sokoni Bukoba. Elieth akanong'ona kwamba tangu utoto wake hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Nikamuuliza Mzee kwa nini anaitunza hivyo. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa suruali. "Si yangu," akasema.

Ndugu zangu, fikirini hali hiyo. Wazee wawili wa wilaya moja, wanaouza kahawa katika msimu mmoja na kuzika ndugu zao katika ardhi moja, kila mmoja amejihukumu mwenyewe, na kila mmoja anaamini kwamba mwenzake ndiye aliyetoa hukumu ile. Na mimi nina kanda mbili mkobani. Mwandishi habebi maneno ya mtu mmoja kumpelekea mwingine; nimeishika kanuni hiyo miaka yote na nimewafundisha vijana waishike. Lakini Mzee Dastan alikuwa na miaka sitini na minne, nyonga yake haikuwa imeunga, na daktari alikuwa anazungumzia kumpasua mara ya pili. Ningengoja nini?

Nilimwomba Mzee Dastan ruhusa ya kusema sentensi moja tu kwa mtu mmoja. Aliuliza mtu gani. Nikamwambia, mwenye mali. Akaitikia kwa kichwa.

Mzee Karugendo nilimkuta uani, amevaa kofia yake ya sufi, ananoa panga. Ilikuwa Ijumaa. Nikamwambia, "Kuna mtu Hamugembe ana saa yako."

Akaacha kunoa. Hakuniuliza mtu huyo ni nani. Aliuliza, "Inatembea?"

Nikamjibu kwamba inatembea.

Hapo ndipo nilipolitazama lile panga na kukumbuka kwamba katika simu ile Bi Consolata alimtaja mzee mrefu mwenye kofia ya sufi, ambaye hapokei hata maji ya kunywa. Nikamuuliza kwa nini anakwenda kwa siri, wakati desturi ni kupita mlangoni kwanza. Akasema, "Niliona aibu kumpokea mtu kwenye migomba wakati sikumpokea mtoni."

Tulikwenda Jumamosi ile, tarehe mosi mwezi wa saba. Elieth alifungua mlango. Mzee Karugendo hakuingia, alisimama kizingitini, mikono ubavuni, akasema, "Nimekuja kupokea lindo."

Mzee Dastan aliitazama saa. Aliitazama kwa muda mrefu, kama anayetaka kuwa na hakika.

"Umechelewa, afande," akasema.

"Nimechelewa."

"Lindo liko salama."

Elieth alidhani wanazungumzia basi, akaanza kuwatetea madereva. Kwa hesabu yangu ilikuwa imepita miaka arobaini na minne na miezi minane hivi. Hawakukumbatiana, na asije mtu akawaambia kwamba walilia. Mzee Dastan alivua saa akamnyooshea mwenyewe. Mwenyewe akaisukuma nyuma. "Kaa nayo," akasema. "Siku moja utakuja kunipokea wewe, na sitaki uchelewe kama mimi." Kisha wakaanza kubishana juu ya migomba. Mzee Dastan alisema machipukizi yamepunguzwa kupita kiasi.

Mimi nilitoka nje nikasimama barabarani, nikagundua kwamba nimepumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita. Hilo halikuingia katika kipindi.

Upasuaji wa pili haukuhitajika. Mzee Dastan alirudi Kagoma mwezi wa kumi akitembea kwa fimbo, akajiunga na umoja, na mwezi uliopita wenzake kumi na sita walimchagua kuwa mwenyekiti. Kura moja tu ilikwenda kwingine. Aliyeipiga anajulikana, ni yeye mwenyewe.

Mzee Karugendo, umeongoza umoja huu tangu siku yake ya kwanza. Umewapokea wagonjwa malindo yao, na wengine umewapokea hadi makaburini. Sikuja kukushukuru, kwa kuwa desturi uliyoileta inakataza. Nimekuja kutoa taarifa moja, ambayo nimeihakiki kwa macho yangu.

Hafla hii ilipangwa kuanza saa nne kamili. Mimi nilifika saa tatu na nusu, nikiamini kwamba ni wa kwanza. Pale mlangoni nilimkuta Mzee Dastan Rugaibula ameegemea fimbo, saa iko mkononi, anatazama njia. Nikamuuliza kwa nini amewahi hivyo. Akanijibu kwamba leo ana mtu wa kumpokea.

Mzee wetu, mwenzako amefika, na hakuchelewa. Lindo liko salama. Nenda ukalale.

Nanyi nyote, nawashukuru kwa kunitegea masikio mpaka mwisho.