Aliyekataa Kupima Gari Lililosimama

Wasifu wa marehemu Jethro Muthoka Kimanzi (1944–1999), uliosomwa na binti yake Monicah nyumbani kwa marehemu, Lukore, Shimba Hills, Jumamosi tarehe 25 Septemba 1999

Mzee wetu tunayemlaza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 huko Mackinnon Road, mwana wa mzee Kimanzi Mulinge, mfanyakazi wa reli, na mama Kavenya, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki. Mama Kavenya alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alipozaliwa hakulia upesi. Treni ilikuwa inapita, naye akageuza kichwa kana kwamba anaisikiliza. Waliokuja kumjua ukubwani hawakuona ajabu.

Alisoma papo hapo Mackinnon Road hadi darasa la sita mwaka 1959, baba yake alipougua naye akalazimika kuacha. Fundi Dzombo, aliyekuwa akitengeneza umeme wa malori kando ya barabara kuu, akamchukua kama mwanawe. Ndiye aliyemfundisha kuweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya mashine na mpini wake sikioni, na kusikia kinacholia ndani kabla ya kufungua hata nati moja. Bisibisi ile marehemu aliitunza maisha yake yote.

Mwaka 1964 alipata kazi katika gereji ya mabasi Mombasa. Huko ndiko alikomkuta Kavindu, abiria wa basi lililoharibika. Marehemu alikuwa ameinamia injini, bisibisi sikioni, macho ameyafumba. Kavindu akamwuliza, "Fundi, unaongea na basi au umelala?"
"Naongea nalo," akajibu. "Linasema wewe ndiwe unayelichelewesha kwa maneno."
Walifunga ndoa kanisani tarehe 12 Desemba 1970, na Mungu akawajalia watoto watatu, Kanyiva akiwa wa kwanza.

Mwaka 1979 walihamia pwani ya kusini. Nyumba wakajenga hapa Lukore, na gereji akafungua Ukunda, kando ya barabara ya Msambweni. Magari ya hoteli za Diani na Galu yalimjua. Kisha miaka hii ya karibuni vijana wakaanza mashindano ya magari kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya machimbo ya zamani ya mawe, na kila mara lalamiko likawa lilelile: gari nyumbani zima, uwanjani linakufa. Wengi walikimbilia kununua betri mpya. Marehemu aliwaambia kwamba betri husingiziwa bure. Betri ni mtungi tu, na alteneta ndiyo inayoujaza. Gari la mashindano hukimbizwa mpaka mkanda wa alteneta unateleza, joto la bomba la moshi linaichoma, na injini inayumba mpaka inakata waya. Hayo yote hayaonekani gari likiwa limetulia kivulini.

Kwa hiyo alikuwa na sharti lake. Hakukubali kutoa jibu kwa gari lililosimama. Alifunga nyaya ndefu kwenye betri, akazipitisha dirishani, akaketi karibu na dereva na mita ya kupimia umeme mapajani, kisha akasema, "Haya, nikimbize." Mafundi wenzake walimcheka: "Muthoka anataka kutembezwa bure!" Naye aliwajibu kwamba ugonjwa wa kukimbia huulizwa mbioni.

Nyumbani alikuwa mpole. Mjukuu wake Gillian alipozaliwa mwaka jana, marehemu alimpakata, akaweka sikio kifuani pa mtoto, akasikiliza kwa muda mrefu hata mama wa mtoto akaingiwa na hofu. Ndipo akainua kichwa akasema, "Huyu anachaji vizuri sana."

Maradhi yake yalianza mwaka 1998, baada ya zile mvua kubwa. Kutoka barabarani hadi hapa nyumbani kuna mwinuko, kama mlivyouona wenyewe. Marehemu alianza kusimama katikati ya njia. Akiulizwa, husema anaangalia mahindi. Mama Kavindu alikuwa akimtazama kutoka jikoni asimwambie kitu, lakini msimu ule mahindi yote yalikuwa yamechukuliwa na maji. Hapakuwa na cha kuangalia.

Alikwenda zahanati si mara moja. Alipelekwa kwa gari hadi mlangoni, akakaa kwenye benchi akisubiri zamu, na alipoitwa alikuwa amekwisha pumzika. Mapigo yalikuwa mazuri, presha nzuri. Alipoulizwa anasikia nini alijibu, "Uchovu kidogo tu." Akapewa dawa ya malaria, akarudi nyumbani akishukuru.

Jumamosi tarehe 4 mwezi huu, Suleiman, kijana wa Diani ambaye wengi wenu mnamfahamu, alimletea Datsun yake. Alikuwa amebadilisha betri na alteneta pia, na bado gari lilikuwa linazima uwanjani.
"Shikamoo mzee. Gari hili limenitia aibu mbele ya watu."
"Marahaba, mwanangu. Tulitembeze."
Wakatoka. Kila walipokata kona ya kushoto, mshale wa mita ulianguka, na barabara iliponyooka ukapanda. Marehemu akacheka. Waya wa ardhi, ule unaounganisha injini na bodi, ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake. Gari likisimama, ncha zinagusana, kila kitu sawa. Injini ikilalia upande, zinaachana.

Lakini waliposhuka, marehemu aliinama kushikilia mlango, jasho likimtiririka. Suleiman akamwuliza kulikoni.
"Kifua kinabana. Kitapita, kinapitaga."
"Mzee, nikupeleke kwa daktari?"
"Nikifika kwa daktari kitakuwa kimeondoka. Usimwambie mama yenu."

Suleiman alikaa na neno hilo siku kadhaa, likamshinda, akamwambia mkewe Mwanasha, naye Mwanasha akapanda hadi hapa kumwambia Mama Kavindu. Jioni ile, mumewe alipoketi kula, mama alimsogezea sahani akasema, "Baba Kanyiva, gari la watu hulipimi likiwa limesimama."
"Silipimi."
"Na wewe mbona unakubali kupimwa umekaa?"
Marehemu alirudisha tonge la ugali sahanini. Akasema, "Hapo umenishika." Wakakubaliana kwamba Jumatatu tarehe 20 wataenda hospitali kubwa, atashukia mbali, atembee hadi ndani, na aseme yote palepale kifua kikiwa bado kinabana. Mama alitaka waondoke kesho yake. Marehemu akasema kuna gari la hoteli amelifungua, si vizuri kuliacha hivyo.

Jumamosi tarehe 18, asubuhi, gerejini, aliinua betri ya gari hilo kutoka chini. Akaiweka mahali pake vizuri, akaketi juu ya tairi, akaomba maji. Suleiman alikuwa jirani. Alimpakia kwenye Datsun ileile, taa zikiwaka, honi ikilia njia nzima kuelekea Msambweni. Anasema gari halikusita hata kidogo, na kwamba katika kila kona ya kushoto marehemu alikuwa akitazama dashibodi, na alipoona taa nyekundu ya chaji haiwaki aliinamisha kichwa kwa kuridhika. Waya mpya aliouweka ulikuwa umeshika. Yeye hakufika. Alikata roho karibu na lango la hospitali.

Daktari alieleza kwa upole kwamba mshipa wa moyo ulikuwa umeziba polepole kwa muda mrefu. Mtu wa namna hiyo akikaa huwa mzima, na akifanya kazi ndipo hubanwa. Mama Kavindu alisikiliza, kisha akasema neno moja tu: "Alilijua hilo kwa magari."

Marehemu ameacha mjane wake Kavindu, watoto wake Kanyiva, Mulinge na Monicah, na wajukuu Quincy na Gillian. Familia haimlaumu Suleiman, na mama ameomba akae leo pamoja na watoto wa nyumba hii. Ameomba na jambo jingine lisomwe hapa. Mnapoondoka kaburini, kule chini karibu na barabara, mtapanda mwinuko ule kurudi hapa. Yeyote atakayebanwa kifua njiani asisingizie mahindi. Asimame, amshike mwenzake mkono, aseme palepale.

Mungu uliyemsikiliza tangu siku ya kwanza, mpokee Muthoka, umpe utulivu wako.