Msusi Aliyesuka Vyambo

Wasikilizaji wapendwa, kama mna chungu jikoni, punguzeni moto mje karibu. Leo tunamkumbuka msusi. Alisuka vichwa vya watu kwa miaka thelathini na minne. Lakini vichwa hivyo mnavifahamu, vingine ni vyenu. Nataka kuwasimulia habari za vyambo. Msusi huyu alitengeneza vyambo vya kuvulia samaki, kwa mikono yake, ndani ya saluni yake. Na alikuwa akiogopa samaki. Narudia: alikuwa akiogopa samaki.

Na samaki wa kukaanga alielewana vizuri. Taabu ilikuwa samaki hai. "Anakutazama bila kupepesa," alikuwa akisema. "Kiumbe asiyepepesa macho si wa kumwamini."

Sasa ilikuwaje? Mumewe ni fundi saa. Kila Jumamosi alikuwa akienda bwawani kuvua na rafiki yake, fundi wa magurudumu. Miaka sita iliyopita, fundi saa akapata kiharusi. Mguu ukapona. Mdomo nao ukapona, "tena kupita kiasi," anasema dada yake. Mkono wa kulia ukabaki mzito. Vidole viwili havikuhisi kitu, hata kikombe cha chai ya moto.

Saa alikubali kuziacha. Bwawa ndilo lililomuuma. Wasikilizaji wapendwa, chambo cha dukani kina kibati kidogo kando ya ndoana. Ukikunja mshipi haraka, kibati kinazunguka, kinametameta, samaki anadanganyika. Ukikunja polepole, kibati kinalala tu. Na fundi saa hakuweza kukunja haraka. Akaiweka fimbo yake ya kuvulia nyuma ya kabati. "Mambo ya bwawa yamekwisha," akamwambia mkewe.

Kuanzia hapo Jumamosi zake akazihamishia saluni. Alikaa kwenye kiti cha wateja tangu asubuhi, akitoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba. Mteja mmoja aliambiwa ana kisogo kama saa ya mezani. Hakurudi tena. Msusi akaona hapa pana mawili: ama amrudishe mumewe bwawani, ama afunge saluni. Alikuwa akitania, lakini wifi yake, yaani dada wa fundi saa anayeishi nao, anasema hakuwa akitania sana. "Alikuwa akimwangalia kaka anavyoutazama ule mkono. Alikonda yeye kuliko mgonjwa."

Basi akaanza. Aliitazama meza yake ya kazi. Nywele bandia za kuficha ndoana zilikuwepo, za rangi zote. Uzi ulikuwepo. Kibanio cha nyusi kilikuwepo. Rangi za kucha zilijaa rafu nzima. Kilichokosekana ni risasi, ile madini nzito, ya kutia uzito kichwani mwa chambo. Akamfuata fundi wa magurudumu kwenye gereji yake.

"Nikamuuliza, shemeji, risasi ya nini?" anakumbuka fundi huyo. "Akanijibu, nataka kumsuka samaki. Nikasema moyoni, maskini, kiharusi kimehamia kwa mke."

Hata hivyo alimyeyushia. Risasi kuukuu za kusawazishia magurudumu zikawa vichwa vidogo, kila kimoja sawa na punje ya haragwe. Msusi akavipaka rangi, akavichorea macho. Cha kwanza alikichorea na nyusi.

Kibati cha kwanza alikikata kutoka kwenye kijiko. Na cha pili. Na cha tatu.

"Nilikunywa supu kwa uma wiki nzima," anasema wifi. "Nikamwambia, wifi, nyumba hii tunakula au tunavua? Akaniambia, wewe kunywa, usitafune maneno."

Lakini kijiko ni kizito, hakizunguki mpaka kivutwe kwa nguvu. Ndipo akakigeukia kifuniko cha kopo la mafuta ya nywele. Bati jembamba, jepesi. Akakata kipande kama ukucha wa dole gumba, akakigongagonga mgongoni mwa upawa mpaka kikabonyea. Akakijaribu kwenye beseni la kuoshea nywele, akikivuta polepole kwa uzi. Mteja alikuwa bado amelaza kichwa humo.

"Kuna kitu kinapita shingoni!"

"Tulia, dada. Kinapita tu, hakikai."

Kikazunguka. Polepole vile vile, kikazunguka. Saluni nzima ikapiga makofi, na yule mteja akadai ndiye aliyekibariki.

Jumamosi fundi saa akaitoa fimbo nyuma ya kabati, akaenda bwawani na chambo kile. Kibati kikalala. Jumamosi ya pili kikalala. Ya tatu pia. Nyumbani kinazunguka, bwawani kinagoma. Jumamosi hiyo ya tatu alirudi mikono mitupu. Fimbo alikuwa amempa rafiki yake.

"Chambo chako ni kizuri, mama," akamwambia mkewe. "Mkono wangu ndio umekufa. Tusijidanganye."

Wasikilizaji wapendwa, Jumamosi ya nne msusi alifunga saluni. Jumamosi! Siku ya maharusi! Akaenda bwawani na aproni yake, akasimama hatua kumi kutoka majini, asitake kujulikana na samaki. Alikuwa ameichukua fimbo kutoka gereji. Akampa mumewe. "Vuta nione."

Akavuta. Kibati kimelala. Msusi akaomba chambo, akakisukuma kibati kwa kidole. Hakikusogea. Akachomoa pini ya nywele kichwani, akachokonoa. Hakikusogea. Kisha akakaa chini, kwenye tope, na aproni yake nyeupe, akacheka mpaka akashindwa kusema.

Mnajua kilikuwa nini? Msusi hatoi kazi saluni bila kuing'arisha. Kila chambo, baada ya kukijaribu, alikipaka rangi ya kucha isiyo na rangi, ile ya kumalizia. Mara mbili. Kuanzia kichwani hadi kwenye kibati. Ikapenya kwenye kipete kinachoshikilia kibati, ikakauka, ikakigandisha. Alikijaribu kabla ya kukipaka. Hakukijaribu baada ya kukipaka.

"Si mkono wako, baba watoto," akasema alipopata pumzi. "Ni wangu mimi."

"Sema tena," akasema fundi saa.

"Si mkono wako."

"Sema kwa sauti, na huyu rafiki yangu wa magurudumu asikie."

Akasema kwa sauti. Dawa ya kutolea rangi ya kucha ilikuwa mfukoni mwa aproni, kama kawaida. Tone moja, tone la pili, kibati kikafunguka. Fundi saa akarusha kwa mkono wa kushoto, akakunja kwa wa kulia, polepole, kama mtu anayetia saa ufunguo. Vile vidole viwili visivyohisi chai ya moto vikatetemeka.

"Nakihisi," akasema. "Kinazunguka. Nakihisi."

Samaki naye akakihisi. Alipotua ukingoni akirukaruka, msusi alikwisha kujifungia ndani ya gari la fundi wa magurudumu, akitoa amri kwenye ufa wa dirisha: "Mgeuzeni! Mgeuzeni asinitazame!"

Baada ya hapo zilifuata Jumamosi za miaka mitano na nusu. Wiki mbili zilizopita moyo wa msusi ulisimama ghafla, asubuhi, akifungua saluni. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Aliacha vyambo tisa.

Fundi saa akavining'iniza kando ya kioo, asitake kuvigusa. "Kimoja kikinasa kwenye kisiki nikakikata," aliniambia, "nimempoteza mara ya pili."

Dada yake ndiye aliyemjibu. "Kaka, alivitengeneza vilowe."

Jumamosi iliyopita fundi saa alikwenda bwawani na kimoja. Akarusha mara nne. Mara ya nne kikanasa kwenye kisiki, mshipi ukakatika.

"Nilifumba macho," anasema fundi wa magurudumu. "Nilidhani ataanguka palepale. Akakunja mshipi uliobaki, akaniambia, twende nyumbani nikasuke."

Tangu siku hiyo anasuka. Chambo kimoja kimemchukua siku nne, kwa mkono ule wa kulia. Dada yake anasema kimekaa kama mtu aliyelala na nywele mbichi. Nilikiona kwenye beseni kwa macho yangu. Kinayumba, kinasitasita, kisha kinazunguka.

Fundi saa, wifi, watoto na wateja wote wa saluni ile, poleni sana. Tunalia nanyi, na mtusamehe tunapocheka. Nanyi mnaonisikiliza, kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyeacha jambo alilolipenda akisema mkono wake umekufa, msikubali haraka. Nendeni naye. Mwambieni avute, mwone.

Nina tangazo moja, kwa ombi la fundi saa. Atakayenasa bwawani, upande wa kisiki kikubwa, chambo chenye nywele za zambarau, tafadhali akifikishe saluni. Atasukwa bure, na fundi saa mwenyewe.

Dada yake ameniomba niongeze: kirudisheni, lakini kofia msivue.