Waligombania Kunizika Nami Ningali Napumua

Jina la Bwana na litukuzwe, ndugu zangu. Nimesimama mbele yenu nikiwa na kovu tumboni na mshtuko moyoni, na kati ya hivyo viwili, tumbo ndilo lililopona kwanza.

Wengi hapa Igogo mnanijua. Mimi ni Nyangeta, yule wa samaki. Kwa msionijua, kwetu ni Majita, mkoa wa Mara. Baba alitangulia. Mama akafuata tukiwa tumeshahamia hapa Mwanza, nami nikiwa darasa la sita. Nyuma yangu yuko Masatu, na nyuma ya Masatu kitinda mimba wetu, Esta, ambaye wakati ule alikuwa bado ananing'inia kwenye sketi yangu. Matanga yalipokwisha, wakubwa wa ukoo walikaa kikao. Masatu achukuliwe na baba mkubwa, Esta aende kwa shangazi, na mimi nitafutiwe kazi ya ndani. Nikawaambia kwamba mama aliniachia neno moja: nisiwaache wadogo zangu watawanyike.

Baba mkubwa akacheka. "Utawalisha nini, hilo neno?"

Nikamjibu, "Nitawalisha samaki."

Shule yangu iliishia hapo. Nikaenda soko la samaki la Mwaloni, kule Kirumba, nikaanza kwa kuwaoshea wengine samaki, baadaye nikawa na beseni langu mwenyewe. Sikuwahi kujuta. Nilikuwa na neno la mama, na nililishika.

Mama alituachia sufuria moja kubwa na Biblia moja. Kila jioni, kabla ya kula, alikuwa na utaratibu aliouita zamu. Biblia inazunguka, kila mtu anasoma aya moja, anaanza mdogo kuliko wote. Hakuna aliyegusa chakula kabla zamu haijaisha. Tulipoachia, mama aliweka kipande cha uzi wa nyavu, na kesho yake tuliendelea hapo hapo. Hatukuchagua pa kusoma. Alisema ukichagua, utachagua panapokusifia. Alipofariki, niliendeleza zamu. Esta alijifunzia kusoma humo. Maneno magumu alikuwa akiyaruka kama anaruka dimbwi, na Masatu akimcheka, "Umemruka nabii mzima wewe."

Ndugu zangu, tulikuwa maskini, lakini tulikuwa wamoja.

Mtengano haukuja kwa ubaya. Ulikuja kwa wema. Familia moja ya Buzuruga, watu wanaosali Jumamosi, walimpenda Masatu wakamsomesha sekondari. Niliwashukuru, na hata leo nawashukuru. Masatu akabatizwa kwao. Esta naye alipopevuka alishikwa na huzuni nzito, akawa hasemi wala hali. Watu wa maombi, wale wenye hema kule juu, walikaa naye, wakamwombea, akafunguliwa. Akabaki kwao. Mimi nikabaki hapa hapa, kwenye kanisa la mama. Nikasema moyoni, wote tunamwita Bwana mmoja, kuna tatizo gani?

Tatizo lilikuwa ndani ya sufuria.

Masatu alirudi likizo akakuta nimepika kambale. Akiwa hajaonja, akaigeuza sahani, akaifunika kifudifudi mbele yangu. Akasema samaki asiye na magamba ni najisi, imeandikwa. Esta hakuweza kunyamaza.

"Huyo kambale unayemkimbia ndiye aliyekukuza, kaka."

"Nilikuwa sijui."

"Sasa unajua, basi mtapike."

"Afadhali mimi. Nyie huko kwenu mnamlilia Mungu kama vile ni kiziwi."

Masatu akaondoka kabla ya zamu. Jioni ile Biblia haikuzunguka. Tulikuwa tumemaliza sura ya kumi na tatu ya Waraka kwa Warumi, na uzi ulikuwa pale. Sikuusogeza. Nilikuwa nikisoma Biblia nyingine, hii ninayokuja nayo hapa, lakini ile ya mama niliifunga kwenye nailoni, nikaiweka juu ya kabati. Nilisema uzi utasogezwa siku wote watatu tukikaa tena. Miaka ikapita. Masatu akaoa, Esta akaolewa. Walikuwa wakinitembelea kwa siku tofauti. Mmoja akiuliza kama mwenzake yupo, nilijua anauliza ili asije.

Ndugu zangu, sasa niwaambie kilichonishtua.

Mwaka huu, nikiwa Mwaloni asubuhi, tumbo lilinikata nikaanguka kati ya mabeseni. Wenzangu wakanibeba hospitali. Utumbo ulikuwa umejisokota. Nikapasuliwa. Baada ya hapo nikapata homa kali, nikawa wa kugeuzwa kama gunia. Nilikuwa nasikia, lakini mdomo haukutii, na macho yalikuwa mazito.

Mchana, muda wa kuona wagonjwa, nikasikia sauti ya Esta upande wa kushoto na ya Masatu upande wa kulia. Nikafurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Nikasema moyoni, Bwana, kumbe umenilaza ili uwakutanishe.

Esta akaanza kuomba kwa sauti kubwa. Nikasikia viatu vya Masatu vikienda mlangoni. Esta alipomaliza, Masatu akarudi, akaomba kwa upole. Lakini Esta hakusema amina. Akaanza kufungua chupa ya supu. Kwenye kitanda cha jirani alilazwa bibi mmoja wa Ukerewe, mguu wake ukiwa kwenye plasta na mdomo wake ukiwa mzima kabisa. Nikamsikia akinong'ona, "Haya ni maombi au ni mechi?"

Kisha Masatu akauliza supu ile ni ya nini. Esta akasema ya kambale, kila mtu anajua inaongeza damu. Masatu akasema, "Usimpe. Anaweza kufa leo. Usimpeleke mbele za Mungu na hicho tumboni."

Hapo ndipo neno kufa liliposemwa, na likishasemwa halirudi.

"Akifa," Masatu akasema, "atalala Majita, pembeni mwa mama. Mchungaji wangu ndiye atakayeongoza."

"Mchungaji wako anamjulia wapi? Dada alikuja kwetu akaombewa. Ni wa kwetu."

"Alikuja kukusindikiza wewe. Huyu ni wa kwetu, mimi ndiye mwanamume wa nyumba. Na kama ni wiki hii, Jumamosi hatuchimbi kaburi."

"Basi mtakaa nyumbani. Tutachimba sisi."

"Kwaya yenu na vipaza sauti vyenu havitakanyaga shambani kwa baba."

Ndugu zangu, nimelala katikati. Nasikia. Wadogo zangu, niliokataa wasigawanywe na ukoo, walikuwa wananigawana mimi. Kila mmoja alisema "wa kwetu", na neno "kwetu" halikuwa tena na nyumba ile ya sufuria moja. Nilitaka kupiga kelele kwamba nipo. Sauti haikutoka. Chozi tu ndilo lililotoka, na walikuwa wametazamana wao kwa wao, hakuna aliyeliona.

Aliyeliona ni yule bibi.

"Nyie watoto," akasema, "dada yenu analia. Mnamgawana kama sato, huyu kichwa, huyu mkia, na samaki bado anapumua? Hebu tokeni, mnamalizia hewa yake."

Wakatoka. Sijui walitokaje, kwa sababu nilikuwa nimegeukia ukuta moyoni mwangu. Niliogopa kufa, ndiyo. Lakini kilichonitisha zaidi ni kwamba kaburi langu lingekuwa mahali pa mwisho pa wao kuonana, na wangeonana kwa vita. Nikamwambia Mungu, sina elimu ya kuwapatanisha. Masatu anajua maandiko kuliko mimi, Esta anajua kuomba kuliko mimi. Ninachojua ni ule uzi tu. Nipe siku moja ya kuusogeza, halafu ukitaka nichukue.

Kabla ya kupambazuka homa ilishuka. Muuguzi akashangaa, akanipima tena. Bwana ni mwema.

Mchana wakaja. Safari hii kila mmoja alisimama mbali na kitanda, na sura zao zilikuwa zimepauka. Walipoona macho yangu yako wazi, Esta akashika mdomo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Niliwasikia jana."

Masatu aliangalia chini kama siku zile alizokuwa akivunja kikombe.

"Kesho msiniletee supu," nikasema. "Mniletee Biblia ya mama, iko juu ya kabati. Na mje pamoja. Akija mmoja peke yake, nitamrudisha."

Wakaja pamoja. Esta ameishika ile nailoni kwa mikono miwili. Nikawaambia wakae kitandani, huku na huku. Nikasema, "Zamu. Anaanza mdogo." Esta akafungua penye uzi. Ukurasa ulikuwa na alama ya uzi ule, mstari mwembamba wa kahawia. Warumi kumi na nne.

Wenye Biblia zenu, mtafungua nyumbani mhakikishe, msiniamini mimi. Esta alisoma aya ya kwanza, kwamba aliye dhaifu wa imani tumpokee, wala tusimkaribishe ili tubishane naye. Masatu akachukua, akasoma ya pili, kwamba mmoja anaamini anaweza kula vyote na mwingine anakula mboga. Nikamwona amekaza taya. Akanipa. Nikasoma ya tatu polepole, kwa maana mimi husoma kwa kidole: anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula, kwa sababu Mungu amemkubali.

Ndugu zangu, tulikuwa tumeacha kusoma mlangoni kabisa pa neno lililokuwa linatungoja. Laiti sahani ile isingegeuzwa, hii ndiyo ingekuwa zamu ya jioni ile ile.

Esta akasoma ya nne, "Wewe u nani unayemhukumu mtumishi wa mwingine?" Akarudia "wewe u nani" bila kuambiwa, akaninyooshea kitabu mimi badala ya Masatu, akiwa amechanganyikiwa. Nikakirudisha kwa Masatu. Ya tano ikamwangukia yeye: mtu mmoja anaona siku hii bora kuliko nyingine, mwingine anaona zote sawa. Mimi ya sita. Esta ya saba, kwamba hakuna miongoni mwetu anayeishi kwa ajili ya nafsi yake, wala anayekufa kwa ajili ya nafsi yake.

Ya nane ilikuwa ya Masatu. Akaanza, akasimama. Akaanza tena. Kwamba tukiishi tunaishi kwa Bwana, na tukifa tunakufa kwa Bwana. Basi tukiishi au tukifa, sisi ni wa Bwana.

Bibi wa Ukerewe akasema, "Rudia hapo, baba. Sijasikia vizuri."

Masatu akarudia, na sauti ikamkatikia kwenye "tukifa". Akaweka kichwa chake kwenye shuka langu.

"Nimeisoma sura hii mara nyingi, dada," akasema. "Nilikuwa naisoma ili nipate la kuwajibu watu."

Esta akazunguka kitanda. Nilidhani anakwenda kumshika Masatu bega, kumbe alimpiga kibao kidogo cha mgongoni kama zamani, akasema, "Leo hukuruka hata neno moja." Tukacheka, mimi nikishika mshono. Na Masatu alipoomba, Esta alisema amina. Amina ile niliisikia mpaka kwenye mifupa.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba makanisa yote yanafundisha sawa. Masatu bado anasali Jumamosi. Esta bado anaomba mpaka majirani wanajua shida zake. Bado tunabishana. Lakini pale Mwaloni, wawili wakigombania uzito wa samaki, hawamalizi kwa kupigiana kelele, wala kwa kila mtu kuleta mizani ya nyumbani kwake. Wanakwenda kwenye mzani mmoja ambao wote wameukubali, wanaangalia, wanatii. Sisi tulikuwa na mzani huo tangu utotoni, tukauweka juu ya kabati. Kila mmoja akabaki na alichoambiwa kuhusu Neno, na tukaacha Neno lenyewe lituambie. Umoja wetu haukuvunjwa na Biblia. Ulivunjika siku tulipoacha kuisoma pamoja.

Siku hizi Jumapili jioni tunakaa. Masatu akiwepo sipiki kambale, kwa maana sura ile inaendelea mbele na kusema nisimhuzunishe ndugu yangu kwa chakula. Napika sato, mwenye magamba yake. Esta ananitania kwamba nimeokoka nusu.

Leo wako hapa, benchi la tatu, kwa mara ya kwanza katika kanisa hili wote wawili. Namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye kitanda kile. Nanyi mlio na ndugu msiyesali naye, mwendeeni. Usiende na hoja, nenda na Biblia iliyofunguliwa, umwombe aanze yeye. Bwana anatosha kufanya lililobaki.

Na kwa kuwa mlishaanza kunipangia mazishi, wadogo zangu, niwamalizie mbele ya mashahidi. Siku hiyo ikifika, chimbeni pamoja siku yoyote isiyomkwaza mwenzenu. Simameni penye kaburi na Biblia ya mama. Esta aanze, Masatu afuate. Zamu yangu ikifika, nyamazeni kidogo. Halafu endeleeni.