Vitanda vya Wafini

— Laini kidogo tu, Orest. Siku ya Wafini peke yake.

— Nimeshasema hapana, Redio. Barafu yangu haipikwi kama uji.

Ugomvi ulikuwa umefika kikombe cha tatu. Wazee watatu walikaa kwenye benchi lao la kila asubuhi, katika mgahawa wa uwanja wa hoki ya barafuni wa Tarnow, magari yao yakinguruma nje bila dereva ili yasigande. Redio alijua habari zote kabla hazijatokea. Profesa aliacha shule darasa la nane, na tangu hapo hajaacha kufundisha. Orest ndiye aliyetengeneza barafu ya uwanja huo kwa miaka thelathini na moja. Mwezi wa nne anastaafu, na hakuna timu ya ng'ambo iliyowahi kukanyaga kazi yake. Sasa nchi sita zilikuwa zinaleta vijana wao kwenye mashindano, na kama ilivyo desturi ya huku, kila mchezaji alipaswa kulala nyumbani kwa mtu.

— Wafini wanakaa kwenye vyumba vya mvuke tangu wakiwa wachanga, Profesa akasema. Mifupa yao imekuwa mpira. Wakianguka wanadunda.

— Ndiyo maana watafungwa, Redio akasema. Wanainuka mbio mno, na haraka haraka haina baraka.

— Hiyo methali ni ya wapika maandazi ya pirogi, bwana, si ya hoki, Profesa akasema.

— Haya, na Waslovakia?

— Wale ni watu wa kabichi. Wanasukumwa na upepo wao wenyewe.

— Mimi nasikia kipa wa Waswidi ana miaka thelathini. Wanawe wawili wanasafiri ndani ya begi la vifaa.

— Waje tu, Orest akasema. Waje wakanyage.

Mlango ukafunguka. Baridi iliingia kwanza, kisha Verla wa kamati ya mashindano, ambaye dada yake mkubwa, Olga, ndiye mke wa Orest. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa theluji.

— Wafini wawili hawana pa kulala, akasema. Wasipopata kabla ya saa sita, mashindano yanahamia Melby. Nani hapa ana kitanda?

Benchi zima likaona kitu cha maana ndani ya vikombe.

— Changu kimelaliwa na injini ya trekta, Redio akasema. Nayo inasikia baridi.

— Mgeni siku mbili, Profesa akasema, ya tatu mpe koleo la theluji. Hawa wanakaa siku tisa, na koleo ninalo moja.

Orest alikuwa na chumba cha wageni. Mgeni mwenyewe alikuwa yeye, mwaka wa sita sasa, tangu Olga aape kwamba kukoroma kwa mumewe hakutarudi chumbani mwake akiwa hai. Akamaliza kahawa, akavaa kofia, akaenda hadi mlangoni. Hapo akasimama, mkono kwenye kitasa.

— Andika wote wawili kwangu, shemeji. Ila mimi nitalala wapi, dada yako mwambie wewe.