Mlezi wa Mayai katika Maji Makali

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Matangi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha chumvi. Alikuwa kifungua mimba. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alichelewa kulia kwa sababu alikuwa bado anashangaa.

Shule alianza mwaka 1975. Masomo aliyaweza, ila akili yake ilikuwa haikai mahali pamoja. Mwalimu anaandika ubaoni, yeye yuko dirishani anatazama matone ya mvua yanavyofukuzana kwenye kioo. Hata hivyo alifaulu, akasomea utunzaji wa viumbe vya majini, na mwaka 1991 akaajiriwa katika kituo cha utafiti wa bahari. Hapo ndipo alipozama, na hakutoka tena.

Kazi yake tuliieleza vibaya miaka mingi, tukidhani anafuga samaki. Kumbe alilea mayai ya papa wadogo, wale wanaotaga, katika maji yaliyotengenezwa yafanane na bahari ya miaka mia ijayo: yenye joto zaidi, na makali kidogo, yaani yenye tindikali, kwa sababu ya hewa ya ukaa tunayoitoa sisi na bahari kuinywa. Chumba kilikuwa na mwanga wa buluu na mngurumo wa pampu usiokoma. Ukimulika yai kwa tochi unamwona mtoto ndani, mwembamba, anapunga mkia polepole kama mtu anayeota anatembea. Dada alikuwa akikaa hapo hadi chai ipoe. "Mimi naishi na watu ambao hawajazaliwa," alituambia, "msinisumbue na mambo ya leo."

Mume wake, fundi wa majokofu, alikuja kituoni mwaka 1996 kutengeneza mashine chumba cha jirani. Akaona tangi la dada lina joto, akaingiwa na huruma, akalipoza bila kuulizwa. Dada aliporudi alishika kichwa.

"Kaka, unajua umefanya nini? Umerudisha bahari nyuma miaka mia."

"Nisamehe, dada. Nilidhani wanateseka na joto."

"Wanateseka, ndiyo. Tunataka kujua kama watavumilia."

Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1997, wakajaliwa mabinti wawili. Shemeji yetu hadi leo hagusi kitu bila kuuliza, na sote tumefaidi.

Mwaka juzi figo za dada zilianza kuchoka. Daktari alimweleza kwamba damu yake inazidi kuwa na tindikali, akampa vidonge vya kuituliza. Dada alicheka. Papa wake, alituambia njiani tukitoka hospitali, huituliza damu yao wenyewe bila kwenda duka la dawa, ingawa hakuna anayejua wataweza hadi wapi. Alikuwa anawaonea wivu, na hakuficha.

Katika tangi lenye maji makali kuliko yote alibakiza mayai matano. Alitaka kitu kimoja tu: aone hata mmoja akitoka hai. Wanne walifia ndani ya maganda. Wa tano alipoanza kujisukuma, dada alikuwa amelazwa. Binti yake mkubwa, anayefanya kazi kituo hicho hicho, akamwonyesha kwa simu. Mtoto alikuwa amekwama, kichwa nje, mwili ndani.

"Mama, nikate ganda? Hakuna anayeniona."

Machozi yalimtoka dada.

"Usimguse, mwanangu. Ukimsaidia hapa, kule baharini atasaidiwa na nani?"

Simu ikaachwa wazi, wakangoja. Papa yule alitoka kulipopambazuka, mdogo kuliko ilivyotakiwa, akalala chini ya tangi akipumua. Dada yetu alifariki kesho yake, tarehe 9 Juni 2024, mume wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja na sisi wadogo zake watatu. Tulitaka kuandika hapa kwamba papa watavuka salama, maana ingetufariji. Alitukataza mwenyewe. "Mmoja ametoka, wanne wamekufa. Msije mkadanganya watu kwenye mazishi yangu." Basi hatuwadanganyi. Hatujui.

Dada yetu alale salama. Na hili halikuwahi kuingia kwenye karatasi mlizoshika: leo asubuhi, yule papa mdogo amekula.