Sindano Ukutani kwa Mama

KAKA: Haloo? Nani mwenzangu? Paza sauti, friji linanguruma hapa.

FUNDI: Mdogo wako. Shikamoo, kaka.

KAKA: Marahaba. Si ukoo ulishakwambia usi—

FUNDI: Nisikanyage kwa mama. Leo mjomba kaniruhusu. Niko chumbani kwa mama, pale kitanda kilipoungulia.

KAKA: Umefuata nini tena? Sola uliyoifunga wewe ndiyo iliyomchoma mkono!

FUNDI: Nyaya zangu nimezichomoa kwenye betri, mmoja mmoja. Halafu nikaweka dira ukutani—

KAKA: Dira? Umekuwa nahodha siku hizi?

FUNDI: Cheka tu. Waya ukipitisha umeme hujizungushia sumaku, na sindano ya dira huihisi hata waya ukiwa ndani ya plasta. Hii imegeuka, kaka. Kuna waya hai humu, unatoka kwenye betri na kuelekea kwenye kibanda chako cha kinyozi.

KAKA: Chuma cha dirisha hicho.

FUNDI: Dirisha liliungua. Hili jipya ni la mbao.

KAKA: Haloo? Mtandao una— sikusik—

FUNDI: Unanisikia sana. Waya wa chanya umeupitisha humu, wa hasi ukauzungusha juu ya paa. Ungezilaza pamoja, sumaku zao zingefutana, dira isingegeuka, nami ningezeeka na jina la mchoma mama. Haraka yako imekuumbua.

KAKA: Taratibu, nina wateja!

FUNDI: Waya mwembamba kama uzi, fyuzi hakuna, na friji zima la soda linavuta umeme humo. Ulidhani utapoa?

KAKA: Sikiliza, mdogo wangu. Tumenyonya ziwa moja. Tuyamalize sisi wawili.

FUNDI: Uliponishtaki mbele ya ukoo, tulikuwa wawili?

KAKA: Zilikuwa hasira tu...

FUNDI: Mama nikimsalimia alikuwa anageukia ukuta. Ukuta huuhuu.

KAKA: Ngoja kidogo. Usikate. [hatua za haraka, ngurumo inakoma]

FUNDI: Mbona friji limenyamaza?

KAKA: Mtandao huo. Haya, itazame hiyo dira yako vizuri. Inaonyesha nini?

FUNDI: Imerudi kaskazini.

KAKA: Si nilikwambia! Hakuna waya hapo. Waite hata ukoo mzima waje waone!

FUNDI: Nimeshawaita. Simu iko kwenye spika tangu ulipopokea. Dira ameishika mjomba.

KAKA: Mama yupo?

MAMA: Nipo, baba. Washa tena friji lako. Nataka kuiona dira ikigeuka.

KAKA: Mama, shikamoo, mimi— chaji inaniishia, nita—

FUNDI: Itakuishiaje, na betri ya mama umejiunganishia?

MAMA: Mwache. Tunakuja huko kuliwasha wenyewe. Na wewe, mwanangu, nipe huo mkono, nilikupa mgongo bure, nisa—

[simu inakatika]